Nafasi ya Mtendaji

Gari la abiria lilisimamishwa kizuizini nje kidogo ya Malaba, saa nne asubuhi, na Alupo alikuwa amepakata katoni ya sabuni iliyojaa kadi. Alikuwa anazipeleka Busia mjini kwa padri mmoja mwenye kompyuta, azichape, kisha diski itumwe Nairobi. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na mpakani kote watu walinong'ona habari za waasi waliosemekana kujificha ng'ambo, Uganda. Siku zile hata karatasi ya kufungia sukari ingeweza kukuletea maswali.

Askari aliyefungua katoni alisoma kadi ya kwanza, akasoma ya pili, akamwita mwenzake. Tangu hapo hakuna aliyemwita Alupo dada.

Kituoni walimkalisha kwenye benchi mbele ya ofisa wa upelelezi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Upole huo ulimtisha Alupo kuliko makelele. Kando ya mlango alisimama konstebo kijana aitwaye Eriaku. Alupo alimfahamu kwa sura; kwao ni upande wa Amukura, na Kiteso alikinyonya kwa mama kama yeye.

"Mwalimu," ofisa alisema, akiinua kadi moja, "hii ni lugha gani?"

Kadi ilikuwa imeandikwa: *Kila mchuuzi alimwona mgeni mmoja.* Chini yake palikuwa na mishale, mabano, na herufi x na y.

"Ni Kiswahili, afande. Hapo chini ni maana yake. Nafanya kazi ya Daktari Makokha wa chuo kikuu. Tunataka kompyuta ielewe sentensi. Yenyewe haijui kitu, kwa hivyo tunaiandikia: nani alitenda, alitenda nini, alimfanyia nani, wapi, lini."

"x ni nani?"

"x si mtu, afande. Ni yeyote."

"Yeyote lazima ako na jina."

"Hapana, ni nafasi tu. Sentensi hii ina maana mbili. Pengine mgeni ni yule yule, wote wakamwona. Pengine kila mchuuzi alimwona mgeni wake. Sisi tukisikia tunachagua bila kufikiri. Mashine haiwezi, ndiyo maana naandika zote mbili."

Ofisa akatabasamu. "Kwa hivyo wageni wanaweza kuwa wengi. Soko nzima. Na wewe uko na hesabu yao."

Alupo alikuwa amefundisha darasani miaka mitatu na hakuwahi kushindwa kueleza jambo; leo kila alichoeleza kilikuwa kinaikaza kamba shingoni mwake.

"Soma zote," ofisa akasema. "Sentensi, halafu hiyo maana. Eriaku, andika."

Akaanza kusoma. *Gaudencia alimuuzia Anjeline samaki*: tendo, kuuza, mtendaji, Gaudencia, mpokeaji, Anjeline, kitu, samaki. *Maji ya mto yaliingia nyumba za Rukala*: tendo, kuingia. Ofisa alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesali. Nje baiskeli zilikuwa zikipita na kengele zao, na ni kengele hizo zilizomkumbusha Alupo kadi ya Ojakol.

Ilikuwa bado mbele, katikati ya kadi alizoshika.

Ojakol alikuwa mwendesha boda boda, akibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya geti la Kenya na la Uganda, mto wa mpaka ukiwa katikati. Wiki mbili kabla ya hapo Alupo alimnunulia chai akamwomba sentensi za kazi yake. Ojakol akampa kadhaa, na katikati akasema: "Watu wawili walivushwa mto Jumapili." Alipoulizwa waliovushwa walivushwa na nani, aligeuka akatazama barabara, akanywa chai yake. Ojakol aliachia hapo.

Lakini utaratibu wa Daktari Makokha haukuachia hapo. Kila tendo lina mwenyewe, alikuwa amemwandikia Alupo kwa barua. Mtendaji akijulikana, mjaze hata kama sentensi imemficha. Alupo alimjua; kule kugeuka kulikuwa kumemwambia. Basi jioni ile, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, alijaza nafasi: *Ojakol*. Hata alijisikia fahari kwamba ameipata maana yote. Sasa aliona alilofanya. Mtu alikuwa amejisitiri kwa neno moja, naye akamvua.

Kadi zikazidi kupungua mkononi. Aliwaza kuiangusha, kuitafuna, kujifanya ameugua. Alisoma polepole hadi ofisa akafumbua macho. Na kadi ikafika.

"*Watu wawili walivushwa mto Jumapili.*"

"Walivushwa na nani?"

"Sentensi haisemi, afande."

"Na maana yake inasema nini?"

"Mtendaji..." Akaifunika nafasi hiyo kwa kidole. "Nafasi ya mtendaji iko wazi."

"Leta hapa."

Ofisa aliisogeza kadi karibu na dirisha. "Haiko wazi. Imeandikwa Ojakol. Huyu ni nani?"

"Si mtu." Alupo hakujua maneno yalikotoka. "Ni neno la Kiteso. Ni kusema... asiyejulikana."

Ofisa akageuka mlangoni. "Eriaku. Wewe ni Mteso. Ni kweli?"

Eriaku akaja akaitazama kadi. Hakuna Mteso wa Malaba asiyejua kwamba Ojakol ni jina la mtu, na huenda alishawahi kubebwa na Ojakol mwenyewe. Aliinua macho akakutana na ya Alupo, naye Alupo akaona kwamba konstebo anaogopa vilevile. Uongo mmoja ungeweza kumvua sare na kumkalisha kwenye benchi ile ile.

"Ni kweli, afande," alisema. "Wazee wanalitumia."

Saa tisa walimwachilia. Katoni ilibaki, kwa uchunguzi, na kadi ikiwa ndani yake.

Alupo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja stendi ya baiskeli karibu na forodha, akamvuta Ojakol pembeni na kumwambia yote. Ojakol alisikiliza akishika usukani.

"Mimi nilikuambia ni mimi?"

"Hukuniambia."

"Sasa nani alisema?"

"Ni mimi niliyesema."

Ojakol akatema mate chini, si kwa dharau, ni kama mtu mwenye uchungu mdomoni. "Ilikuwa mama mkwe wangu na binti yake mdogo. Walikuwa wanaenda matanga, na hawakuwa na vitambulisho. Lakini hao watauliza hiyo baada ya kunichapa." Alipanda baiskeli. "Ambia Akwii nimeenda kwa watu wetu Tororo, ng'ambo."

Akwii, mkewe, alikuwa anaanika mihogo. Hakulia. Aliuliza tu ni mpaka lini.

Wiki ile ile Alupo alimwandikia Daktari Makokha kwamba kuanzia sasa, msemaji akimwacha mtendaji nje, na yeye atamwacha nje, amjue asimjue. Makokha akajibu kwamba hapo mashine itashindwa kujibu ikiulizwa nani. Alupo akaendelea kuiacha nafasi wazi. Kwa miezi miwili alishtuka kila gari liliposimama karibu na lango lake.

Mwezi wa nne katoni ikarudishwa, imefungwa kamba. Aliipekua kadi kwa kadi sakafuni, akaipekua tena. Ya Ojakol haikuwemo. Alikimbilia kituoni kumtafuta Eriaku, akaambiwa amehamishwa mbali, Turkana. Kama ni yeye aliyeichomoa, au ni ofisa ameihifadhi kwenye faili, hakupata wa kumuuliza.

Ojakol hakuthubutu kurudi hadi Krismasi ya mwaka uliofuata. Akwii alikuwa amekwisha kumuuza mbuzi wa mwisho.