Njia Fupi ya Maji

Ngo. Kimya. Ngo, ngo.

Mlio ulitoka chini ya mbao za sakafu, mkavu, kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga kwa kifundo cha kidole. Rehana aliusikia kwanza. Macho hayakuwa na kazi humo gizani. Taa ya mbele ya boti ilimulika matofali yaliyolowa na maji meusi, basi.

"Faisal, unasikia?"

"Mwangwi tu huo," alijibu mumewe, mkono kwenye usukani.

Lakini alikuwa amesikia. Fundi gani asiusikie mlio wa maji yanayochemka ndani ya injini? Aliujua tangu gereji ya mjomba wake kule Tanga, na hakuwahi kuusikia ukileta heri.

Nje ulikuwa mchana wa jua. Ndani ya handaki la Wast Hill, mfereji wa boti unapopita chini ya kilima ukingoni mwa Birmingham, mchana haukuingia. Hakukuwa na njia ya miguu pembeni, wala simu haikushika mtandao. Mlango walioingilia ulikuwa kitone cheupe nyuma yao, wa kutokea kitone kingine mbele, na katikati wao wawili ndani ya boti ndefu nyembamba ya chuma iliyokuwa nyumba yao. Watatu, ukimhesabu mtoto wa miezi saba aliyekuwa tumboni mwa Rehana. Ng'ambo ya handaki kulikuwa na karakana ya boti ambako Faisal angeanza kazi, naye alitaka kufika na injini inayoimba.

Balaa lilianzia Selly Oak, walikokuwa wamefunga boti. Injini ilipandisha joto, Faisal akaifungua, akakuta themostati imekwama. Ni kidude kidogo, hakizidi kizibo cha chupa ya chai, kazi yake kuyafungulia maji njia injini inapopata moto. Alikitupa kwenye ndoo ya taka, akarudisha kifuniko bila kuweka kingine. Ndivyo walivyofanya Tanga, na ndivyo wafanyavyo mafundi wengi toka Mombasa hadi Mbeya: gari likichemka, ng'oa themostati, maji yapite yatakavyo, mteja aende zake akishukuru.

Jirani yao Mugambi, muuguzi wa Meru aliyeishi kwenye boti ya pili, alikuwa amesimama ukingoni na kikombe chake.

"Bro, hiyo umetoa, utarudisha ingine ama?"

"Ya nini? Hilo pambo la watu wa baridi."

"Mimi nilitoa yangu hivyo hivyo, ikanichemkia hadi nikaita mama. Hii si Probox, buda. Iko na njia mbili za maji."

"Mugambi, wewe dunga watu sindano. Injini niachie mimi."

"Haya, daktari wa vyuma."

Waliwasha injini pale pale ilipofungwa boti, bila mzigo wowote, ikatulia. Faisal alimwonyesha mkewe mshale wa joto kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa mshale huo ulikuwa umelala kwenye wekundu. Harufu tamu ya dawa ya rejeta ilipanda kutoka chini ya mbao, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka nyuma ulisukuma moshi wa injini uende nao hatua kwa hatua, kama mtu anayewafuata. Faisal alizima. Boti iliteleza kidogo, ikagusa ukuta, ikasimama. Yakabaki matone tu, yakidondoka kutoka juu, tone hapa, tone kule.

"Hajacheza," Rehana alisema.

"Nani?"

"Nani mwingine? Tangu tuingie humu hajacheza. Na kichwa kinanigonga, Faisal. Moshi huu."

Faisal alichukua upondo, akausukuma ukuta kwa nguvu zake zote. Ncha iliteleza kwenye ute wa matofali. Boti ikasogea kiasi cha mtu kujinyoosha, ikagoma. Alisukuma tena mpaka mabega yakawaka. Kitone cha mbele hakikukua.

Akatupa upondo, akainua mbao, akaingia shimoni mwa injini. Chuma kilimchoma kwa mbali. Kisha akapeleka kiganja kwenye tangi lililochomelewa ubavuni mwa boti, mahali ambapo maji ya injini huja kupozwa na maji ya mfereji yaliyo nje. Lilikuwa baridi kama maiti.

Alikaa hapo, mkono umeganda. Kama maji yangekuwa yanafika, tangi lingekuwa la moto. Hayakuwa yanafika. Themostati inapofunguka ndiyo huiziba njia fupi, ile isiyopita kwenye tangi. Alipoing'oa, maji yakapata mteremko, yakawa yanazunguka humo humo ndani ya injini, yakijichemsha yenyewe.

"Mugambi alisema kweli," alinong'ona. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

Rehana aliingia ndani akipapasa, akarudi na soksi ya mtoto iliyovimba. Ndani yake mlikuwa na themostati mpya.

"Alinipa asubuhi tulipong'oa kamba. Akaniambia, 'Shemeji, weka. Siku atatafuta, mpe.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeitupa mferejini, nakujua. Niliichemsha asubuhi ile ile kwenye sufuria kuijaribu, kama alivyonielekeza. Ikafumbua mdomo. Ilipopoa, ikafumba."

Faisal aliinyakua na kushika kifuniko cha maji. Rehana akamdaka kifundo cha mkono.

"Iache ipoe! Ukiungua mikono, nani atanitoa humu?"

Wakangoja. Hakuna adhabu kubwa kwa mtu mwenye haraka kuliko hiyo. Faisal alimfunika mkewe pua kwa kanga iliyoloweshwa, akakata gasketi ya kuzibia kifuniko kutoka kwenye boksi la majani ya chai, akaipaka grisi. Rehana alikaa mikono tumboni, akilitafuta teke.

Chuma kilipokubali kushikwa, alifungua boliti mbili, akaketisha themostati mahali pake, akafunga, akajaza maji kwa birika na kutoa hewa. Akawasha.

Mshale ulipanda. Ukapanda tena. Faisal alibandika kiganja kwenye tangi, akasikia chuma baridi, baridi bado, kisha uvuguvugu kama shavu la mtu aliyelala. Mshale ukasimama katikati. Akairudisha boti njiani, kitone cha mbele kikaanza kuwa mlango.

"Je?" aliuliza.

"Sijui. Weka mkono."

Alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili akauweka tumboni kwa mkewe. Kitu kilitetemeka chini ya kiganja. Lakini boti nzima ilikuwa ikitetemeka, mbao, vikombe, meno yake mwenyewe, na kuizima injini asingeweza.

"Ni yeye?" Rehana aliuliza.

Faisal alitazama mwanga uliokuwa mbali bado.

"Sikiliza, Rehana. Karakana ingoje. Tukitoka tu nje, nazima injini, naweka sikio langu hapa. Nisiposikia kitu nakubeba mgongoni mpaka barabarani, na gari la kwanza litakalopita litasimama, litake lisitake. Nakuahidi."