Fisi wa Ruiri

Kendi alikuwa fisi. Na msimcheke, maana waliomcheka wametosha. Tangu utotoni pale Ruiri alijua moyoni kwamba mwili ule wa binti ni nguo ya kuazima tu, lakini angemwambia nani, katika kijiji ambacho kila boma limewahi kuliwa mbuzi? Kisha akapata simu, na ndani ya simu akapata wenzake, watu wanaojijua kuwa wanyama: mbwa mwitu wa Ulaya, paka wa Brazili, na fisi mmoja wa hapa hapa Kenya, Njue wa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Mwaka mzima waliandikiana. "Wakikufukuza, njoo kwangu," Njue alimwambia. "Fisi hamtupi fisi mwenzake." Siku hiyo Kendi alilia kwa furaha, jamani.

Basi fisi wa porini wakaja wakaua mbuzi wa baba yake, Mzee Kathuri. Mzee akatia sumu kwenye mabaki, akayaacha kando ya boma ili wakirudi wafe. Kendi hakuvumilia. Alfajiri aliyaburuta mpaka penye ua wa shamba la jirani, ambako udongo ni laini, akachimba akayafukia.

Loo, msichana huyu na akili zake! Nani asiyejua kwamba nyama iliyozikwa kwenye mpaka wa mtu ni uchawi? Mama Mukiri, mwenye shamba, aliifukua kwa jembe akipanda maharagwe, akapiga nduru, na mara boma la Mzee Kathuri likajaa watu. Kendi angeweza kudanganya. Badala yake alisema yote, hata habari za simu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayeyafichua hupata nini.

Mama yake alijifunika uso kwa leso. Mzee Kathuri, mzee wa kanisa mzima, aliingia ndani kwa aibu na hasira. Akaleta nyama nyingine na kopo la sumu, akaviweka miguuni pa bintiye.

"Kama wewe ni mtoto wangu, tia kwa mkono wako, hawa watu waone. Kama ni fisi, toka kwangu."

"Baba, siwezi."

Akachukua mkoba, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Alifika Embu jioni, ana njaa lakini moyo mweupe, maana alikuwa anakwenda kwao. Njue alitoka na shati lake la ofisi, akafunga geti nyuma yake haraka. Mwanamke akauliza kutoka ndani, "Ni nani, Baba Ann?"

"Ni muuza sabuni!" Kendi akamweleza upesi habari za sumu. Njue akanong'ona, "Kendi, wewe nawe! Yale yalikuwa mambo ya simu. Mtu akitoka kazini si anatafuta kitu cha kujiliwaza? Rudi nyumbani, utie hiyo sumu, yaishe."

Kendi alimkazia macho hadi Njue akaangalia chini. Alitaka kulia kilio cha fisi, Dallas nzima isikie; badala yake akautundika mkoba begani.

"Nilidhani nimekuja kwa fisi," akasema. "Kumbe wewe ni mtu tu."