Mahali pa Isale

Isale la Laurenti liliota kando ya mlango wa nyuma, katika ua wa Bi Mwanaasha, Ngamiani, pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Alikuja nalo kutoka kwao Machame likiwa kikonyo tu ndani ya gunia bichi, na wapangaji wenzake wakamcheka kwamba Mchaga kasafiri na nyasi. Hawakujua. Kwao mlimani, mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, akalipiga fundo, akampa mjumbe alipeleke. Aliyekosewa, hata awe na hasira ya namna gani, akishalipokea mkononi hana budi asamehe. Mkosaji mwenyewe haendi mpaka jani limtangulie.

Na Laurenti alikuwa mkosaji, hilo tusilizungushe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa ya kanisa Katoliki. Kwaresima ya mwaka hamsini na nne mama yake alifariki huko Machame, na habari ikamkuta katika Juma Kuu, mshumaa wa Pasaka ukiwa haujakamilika. Padre alikuwa ameusifia mbele za watu, na sifa zilimlevya Laurenti kuliko mbege. Akajiambia aumalize kwanza. Alipofika kwao, mama alikwisha funikwa udongo. Baba yake, Mzee Methusela, Mlutheri wa benchi la mbele, hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema kwamba mwana aliyeona nta ina thamani kuliko mama yake aende akaishi na nta, na asikanyage tena kihamba chake, shamba la ukoo. Laurenti akarudi pwani na haya zake. Haya zikageuka kiburi, na kiburi kikamla miaka miwili mizima.

Hata siku moja Noa, mtu wa kwao aliyekuwa kuli bandarini, akaja kuaga. Amepata likizo, anapanda treni kwenda nyumbani, na amesikia kwamba Mzee Methusela yu kitandani na watu hawamtarajii kuvuka masika. Kama Laurenti ana neno, ampe.

Benedikta, mkewe, alikuwa mzaliwa wa kambi za mkonge huko Maramba, isale alilijua kwa kusimuliwa tu. Lakini alisema lililo sawa.

"Baba Kristina, chuma jani, lifunge, mpe Noa. Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

Laurenti akajibu kwamba jani litafika limenyauka. Tena jani moja ni kitu gani baada ya kimya chote hicho? Yeye atapeleka isale lisilokauka milele. Ukweli ni kwamba hakutaka kusamehewa tu, alitaka na kusifiwa. Alitaka yule mzee aitazame nta iliyowagombanisha na akiri kwamba ni kazi ya mtu mwenye akili.

Na akili alikuwa nayo, tusimdhulumu. Masalio ya nta ya nyuki aliyayeyusha pamoja na sandarusi iliyosagwa, ili ikipoa iwe ngumu. Humo alitia buluu ya dobi, au masizi, au udongo mwekundu. Hulaza jani juu ya ubao uliopashwa moto, akapaka nta ya rangi juu yake na pande zote kwa brashi ya katani, tabaka juu ya tabaka, kisha akapitisha pasi ya mkaa kwa juu bila kugusa, tabaka zishikane. Halafu hubandua jani nta ingali vuguvugu. Ukiwahi, kingo humwagika, na ukichelewa, jani hutoka na ukoko wote. Likitoka vizuri, umbo lake hubaki pale ubaoni, limezungukwa na rangi. Bi Mwanaasha alikuwa na ubao wa jani la muhogo juu ya mlango wake, na kila mgeni aliulizia fundi wake.

Basi akachuma jani la isale, refu kuliko yote. Fundo alilijaribu, lakini jani lenye fundo halilali juu ya ubao, na nta hupenya chini yake. Akalifungua. Akapaka buluu iliyokolea, akapitisha pasi, akasubiri huku jasho linamchuruzika, kisha akaliinua taratibu kwa ncha ya kisu. Kingo zilitoka safi. Katikati ya buluu kulikuwa na umbo la isale, ubao mtupu wa mvule, bonde jembamba ambalo kidole kiliweza kulifuata toka shinani hata nchani. Laurenti alifurahi mno, furaha ya kweli. Bi Mwanaasha akaitwa aje aone.

"Mashallah, yapendeza," akasema. "Babako takulilia, mwanangu."

Jani lenyewe, zito kwa nta, alilitupa jikoni. Liliwaka vizuri hata maharage yakachemka.

Noa aliondoka na ubao umefungwa guniani. Laurenti akaanza kupanga safari. Alinunua viatu, akamwambia bintiye Kristina kwamba atamwona babu. Kila treni ilipoingia alikwenda stesheni, akasimama penye lango la abiria.

Noa aliporudi, gunia lilikuwa kwapani. Alilitia Laurenti mikononi palepale stesheni, wakaenda nalo mpaka uani. Benedikta akaleta chai. Noa hakuigusa.

Alieleza kwamba alimkuta mzee yu hai na akili zake timamu, ila macho yalikuwa yamefunga ukungu. Alipoambiwa kuna isale kutoka kwa mwanawe alijiinua mwenyewe akakaa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mikono yote miwili?" Laurenti akauliza.

"Yote miwili. Nikamwekea ubao. Akapapasa, akapapasa, akauliza, 'Isale liko wapi?' Nikamwambia, 'Liko hapo, Mzee, chini ya vidole vyako.' Akafuata lile bonde hadi mwisho. Akasema, 'Hapa palikuwa na isale. Ameliondoa, ndipo akaniletea.'"



Noa akaendelea, sauti imemshuka. Dada yake Laurenti, mwenye macho yake mazima, alitazama ubao naye akasema ni kweli, hapana jani hapo. Noa alikimbilia nje achume isale kwenye ua, yamejaa tele. Yule dada akamshika mkono. Isale la kuombea radhi halichumwi kwenye ua wa aliyekosewa. Mzee aligeukia ukutani, na tangu siku ile hakumtaja tena Laurenti, hata alipokuwa akiwaaga wanawe wengine mmoja mmoja kwa majina. Walimzika Jumamosi. Ubao dada aliurudisha kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetaka kukaa nao.

Laurenti akainuka. Alikwenda penye maji ya vyombo, akachuma jani, akalipiga fundo kama mama yake alivyomfundisha utotoni, akamnyooshea Noa.

"Lipeleke."

Noa akaweka mikono yake nyuma. "Nilipeleke kwa nani, ndugu yangu? Isale hupokelewa kwa mkono."

Akaaga, akatoka. Benedikta aliyekuwa amesimama mlangoni hakujua kama desturi inaruhusu, wala hakuwa wa mlima ule, lakini alimwonea mumewe huruma, akanyoosha mkono wake yeye. Laurenti akautazama.

"Si wewe niliyekukosea," akasema.

Akakaa chini. Akaufungua ubao guniani, akauweka magotini, akalilaza lile jani juu ya bonde lake. Lilikuwa na fundo, halikulala.