Niliwalaza Wote

Pale mtaani wakili yule wa kike walishambandika jina: Shemeji. Yaani shemeji wa maadui, kwamba ati ana mchumba ng'ambo ya mpaka, kwani mwanamke mwenye akili zake angewateteaje wale? Midomo ya watu haina kufuli. Akienda dukani kununua sabuni, muuza duka anamchokoza, "Shemeji, wakwe hawajambo?" Naye anajibu, "Hawajambo, wanakusalimu," anachukua sabuni yake, huyoo. Ulimi anao, wakili yule. Lakini ilimuuma, tusidanganyane.

Adui mwenyewe alikuwa mmoja tu, muuguzi wa jeshi la upande wa pili. Askari wetu walipoiteka zahanati yake, waliwakuta vijana wetu waliokuwa mateka wamekufa vitandani, hakusalia hata mmoja. Mahakama ya kijeshi ilimsikiliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wakili hana, shahidi hana.

"Uliwafanya nini?"

"Niliwalaza."

"Wote?"

"Niliwalaza wote."

Basi, kitanzi. Kwa askari, kumlaza mtu ni kumuua, na majaji wote watatu walikuwa askari.

Sasa sikia balaa. Kati ya vijana wale alikuwamo mdogo wake wakili, kitindamimba wa mama yao. Mawakili wengine waliikimbia kesi ya rufaa kama ukoma. Yeye alikwenda gerezani akamwambia muuguzi ukweli huo usoni, ili amkatae akitaka. Yule bwana akasema, "Basi wewe ndiye utakayeuliza vizuri." Tangu siku hiyo mama yake wakili hakusema naye. Chakula alimpakulia, akakifunika, akaingia chumbani kwake.

Siku ya rufaa, mwenyekiti wa mahakama, afande mmoja mwenye kitambi na haraka zake, alianza kwa kutazama saa. "Wakili, tufupishe. Mama watoto amelazwa tangu jana, nataka kwenda kumwona."

Wakili alikuwa na hotuba ndefu mkononi. Akaiweka mezani.

"Pole sana, afande. Amemlaza nani?"

"Daktari. Nani tena?"

"Na daktari huyo mmeshamkamata?"

Afande alikunja uso. Jaji wa kulia kwake akainamia makaratasi. Ilikuwa kauli ya kikatili, na wakili aliona aibu hapo hapo, kwa kuwa mke wa mtu alikuwa mgonjwa kweli. Lakini angefanyaje? Mtu alikuwa ananyongwa kwa neno ambalo wauguzi hulisema kutwa kucha.

Majaji walitoka, wakarudi. Hukumu imefutwa, kesi isikilizwe upya mbele ya majaji wengine, mshtakiwa awe na wakili na mashahidi waitwe. Afande aliisoma bila kumtazama wakili, akachukua kofia yake akaenda hospitali.

Jioni wakili alipofika nyumbani alimkuta mama yake jikoni, anaosha vyombo. Safari hii mama hakumkimbia.

"Nasikia atahukumiwa upya," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi wataniruhusu kuingia?"

"Ni kesi ya wazi. Yeyote anaingia."

"Nitakaa mbele." Mama alisuuza sahani, akaigeuza, akaisuuza tena ingawa ilishatakata. "Anieleze alimlaza vipi mwanangu. Akisema alimlaza kitandani, akamfunika, sawa, nitamsikiliza. Halafu nitamuuliza, mbona hakuamka?"

Wakili alivuta kigoda akaketi. Alikuwa amemhoji mteja wake mara nyingi, kuhusu mahakama, kuhusu maneno, kuhusu nani alikuwapo na nani hakuwapo. Swali hilo hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu.

"Utamuuliza wewe," mama akasema, "au nimuulize mimi?"

"Nitamuuliza mimi, mama."

"Mbele yangu."

"Mbele yako."

Mama akampakulia chakula. Hakukifunika, wala hakuondoka.