Arubaini ya Marashi

Mbuzi wa Bi Mwanaarabu alizaa Ijumaa, na tangu siku hiyo akawekwa ndani atimize siku arubaini kama mzazi yeyote wa Pate. Alipewa chumba cha nyuma, dirisha likazibwa kwa mkeka ili baridi isimwingie, na kila asubuhi na jioni chetezo cha ubani kikasogezwa chini ya tumbo lake. Bi Mwanaarabu alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipokewa na mikono yake. Hakujua namna nyingine ya kumtunza aliyezaa.

Sasa Marashi, mbuzi mwenyewe, alikuwa taabani. Shingo ameinyoosha mbele, pua zimetanuka, mbavu zinapanda na kushuka kama za mtu aliyekimbizwa. Mwanawe alisukuma kiwele akapata matone tu.

Akaitwa Khairiya, binti wa jirani aliyesomea matibabu ya mifugo.

"Ndoo, mwanangu, ndoo ndani umwangalie," Bi Mwanaarabu alimwita. "Nimemfukiza mpaka mikono yaniuma, na kikohozi ndiyo kwanza chazidi."

Khairiya alivuka kizingiti, moshi ukamkaba. Chini ya harufu ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya mkojo uliolala. Akakohoa.

"Hata wewe!" Bi Mwanaarabu akacheka. "Kwani nawe umezaa?"

"Bado, Bi. Nikizaa utanifukiza."

"Takufukiza. Nalimfukiza mamako, na wewe ukiwa kama kipaka, hata sauti huna. Yeo hii waniingilia na mkoba."

Khairiya akachutama. Alimpima Marashi joto, lilikuwa juu. Akaweka masikioni vipimo vya kusikilizia kifua na kukipitisha kidude chake nyuma ya bega, kisha chini zaidi, kisha upande wa pili. Nimonia. Sindano alikuwa nayo mkobani. Lakini sindano ingefanya nini ndani ya moshi huu? Na angemwambiaje mwanamke huyu, mikono ya kwanza kumshika duniani, kwamba mapenzi yake ndiyo yanayomnyima mbuzi pumzi? Bi angekubali kwa heshima, kisha mgeni akitoka angewasha makaa tena. Si kwa ubishi. Kwa huruma.

"Bi, hebu sikiliza mwenyewe."

Bi Mwanaarabu akasogeza mtandio, akavalishwa vipimo. Khairiya akaanza na kitoto cha mbuzi.

"Hii nini?"

"Pumzi yake."

Uso wa Bi Mwanaarabu ukafunguka. "Subhanallah. Laini hivi!"

Kisha kwa Marashi. Tabasamu likaenda likififia. Akafumba macho, akasikiliza muda mrefu.

"Yalia kama leso mpya," alisema. "Leso haijafuliwa bado, ingali ngumu, mtu aikunja."

"Ndiyo hivyo. Mapafu yameingia maji. Hewa yapita kwa taabu."

"Baridi imemwingia?"

"Moshi, Bi. Na mkojo, na dirisha kuzibwa. Vilimchoma kifua, maradhi yakapata pa kuingilia."

Bi Mwanaarabu akavua vipimo polepole. "Basi ni mimi."

"Mzazi wa watu hulala kitandani, akafagiliwa, akabadilishiwa shuka," Khairiya alisema kwa upole. "Huyu hulala papo hapo alipokojoa, pua karibu na makaa. Ungejuaje?"

Bi alichukua chetezo, akatoka nacho uani. Makaa yalisikika yakilia yalipomwagiwa maji. Aliporudi aliushika mkeka wa dirishani kwa mikono miwili, akaung'oa. Mwanga ukaingia, na upepo nyuma yake.

Marashi akadungwa sindano, akapiga kelele.

"Pole, mama. Pole," Bi Mwanaarabu alimnong'oneza, kichwa chake amekikumbatia kifuani.

Alale uani kivulini, Khairiya akaagiza, juu ya majani makavu yanayobadilishwa. Sindano atakuja kumdunga kila siku. Kitoto kikope maziwa kwa mbuzi mwingine. "Na maziwa ya huyu asiyanywe mtu mpaka niseme. Yana dawa."

"Na chai yangu ya maziwa?"

"Strungi, Bi."

"Wallahi waniadhibu!"

Khairiya alikuja kila siku, na kila siku Bi Mwanaarabu aliupekua mkoba kabla ya salamu kwisha, akajivalisha vipimo mwenyewe. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akarudisha. Hata asubuhi moja wakamkuta Marashi amesimama, anacheua, kitoto kimeng'ang'ania chuchu. Bi akapiga magoti, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudia kushoto. Machozi yakamtoka, wala hapakuwa na moshi.

"Leso imefuliwa," alisema.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Marashi akatoka taratibu hadi njiani, mwanawe nyuma yake. Jirani mwingine, Rahima, akachungulia dirishani mwake.

"Bi Mwanaarabu! Mzazi wako atoka na arubaini haijesha?"

Bi Mwanaarabu akampungia mkono asimzuie. "Mwate apumue!"