Tarehe ya Maneno ya Baba

Utafiti wa kitindamimba wa fundi cherehani ulikuwa na vyanzo arobaini na kimoja, kila kimoja na mwandishi wake, mwaka wake na ukurasa wake. Sentensi moja tu ndiyo ilikuwa uchi: "Loweka pamba kabla hujaikata, la sivyo itakuumbua siku ya kwanza kufuliwa."

Mwalimu aliizungushia kalamu nyekundu. "Nani kasema?"

"Baba yangu. Ni fundi."

"Mazungumzo nayo ni chanzo, ila yanataka tarehe. Alisema lini?"

Tarehe! Nani huandika tarehe ya kelele za baba yake? Mzee alisema hivyo kila aliposhika mkasi, miaka nenda miaka rudi, naye binti akimjibu bila kuinua macho, "Nishasikia, Baba."

"Usijitese," mwalimu akasema. "Mpigie mzee leo, akwambie tena, uandike tarehe ya leo."

"Sawa, mwalimu." Hakuwa na nguvu za kueleza kwamba walimzika miezi miwili iliyopita, na kwamba lile neno "ni" lilimponyoka tu.

Bwenini wenzake wote walishakwenda likizo. Vitanda vilibaki magodoro matupu. Akaketi, akafungua kompyuta, akaisoma ile sentensi kwa sauti, kwa ukali uleule wa mzee.

"Nishasikia, Baba," akajibu, safari hii ameinua macho.

Akaandika tarehe ya leo.