Mlango wa Kumi na Tisa

Kampuni aliyofanyia kazi Kasiva ilikuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Machakos, na kazi yake ilikuwa moja tu: kujibu swali la damu. Zahanati ikipata mgonjwa anayevuja damu, muuguzi anabonyeza simu, na mfumo unamwambia ni hospitali gani iliyo na damu ya kundi hilo wakati huo, ili gari la wagonjwa lisizunguke bure. Maswali hayo yalipitia API ishirini na tatu, yaani njia ambazo programu moja hutumia kuuliza nyingine. Pale ofisini waliziita milango, na milango yote ilisimamiwa kwenye jukwaa moja la kukodi.

Mwezi wa tano wenye jukwaa waliandika kwamba wanalifunga mwisho wa Julai. Meneja, Bwana Mutunga, akataka kuita wataalamu kutoka Nairobi.

"Wa nini?" Kasiva akauliza. "Hii milango naijua. Nipe wiki sita na Ayub, nitaihamisha yote bila zahanati yoyote kujua."

Hakuwa anajigamba. Alipiga hesabu ya kazi kabla ya kufungua mdomo.

Wakaanza. Kila mlango waliuandikia anayeutumia, funguo zake za siri, na maswali unayopokea kwa siku. Ayub, kijana wa Majengo aliyeandika programu kwa utulivu wa fundi cherehani, aliijaribu kila API kwenye jukwaa jipya mara mia kabla ya kuipitisha. Kufikia katikati ya Juni walikuwa wamemaliza kuiandaa yote isipokuwa ule wa kumi na tisa. Huo haukuwa na jina la mtu. Aliyeutengeneza, Musili, alikuwa ameacha kazi miaka mitatu nyuma, na namba yake haikupatikana tena.

"Unaulizwa mara nne au tano kwa mwezi," Mutunga alisema. "Uache ufe na jukwaa lake."

"Hapana, bosi. Hakuna mtu anauliza damu kwa mchezo."

Kumbukumbu za mfumo zilionyesha maswali hayo yanatoka upande wa Kivaa. Jumanne asubuhi Kasiva na Ayub wakachukua gari la ofisi. Kwenye zahanati ya pili waliyoingia walimkuta Sista Munyiva, mama wa miaka hamsini na kitu, akipima watoto uzito.

"Mwaitu, tunatafuta mtu anayetumia hii," Kasiva akasema, akimwita mama kwa Kikamba, na kumwonyesha picha ya ukurasa wa zamani.

Munyiva akafungua kabati akatoa tableti iliyopasuka kioo pembeni. "Musili aliniwekea. Akaniambia, Sista, hii usiguse kitu, bonyeza tu hapa. Na mimi sijawahi kugusa. Mnataka kuichukua?"

"Hatuchukui. Tunahamisha mahali inapouliza."

"Basi msiniharibie. Mwezi uliopita niliitumia kwa msichana wa hapa Ikaatini. Kama si hiyo, tungempeleka kule ambako hakukuwa na damu."

Kasiva akaandika jina la Munyiva kwenye orodha, na namba yake ya simu. Wakaelewana: siku ya kuhama, Munyiva ajaribu mara moja.

Walihama Alhamisi moja ya Julai, saa nne asubuhi, muda ambao maswali huwa machache. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tano; taa za kijani zikapangana kwenye kioo. Kisha Munyiva akapiga simu.

"Kasiva, inakataa. Inasema sina ruhusa."

Ayub akageuka. "Turudishe yote?"

"La. Rudisha huo mmoja kwenye jukwaa la zamani, ile ishirini na miwili iendelee. Mwaitu, jaribu tena sasa."

"Sasa imejibu."

"Sawa. Ukipata mgonjwa, tumia hivyo hivyo. Nipe nusu saa."

Akachukua swali la Munyiva kama lilivyofika na kulisoma herufi kwa herufi. Ufunguo ulionekana sahihi. Akahesabu herufi za ule uliosajiliwa: thelathini na mbili. Uliotumwa ulikuwa na thelathini na tatu. Mwishoni Musili alikuwa ameacha nafasi tupu. Jukwaa la zamani lilikuwa likiikata lenyewe bila kusema. Jipya halikusamehe kitu.

"Nafasi!" Ayub akashika kichwa. "Nafasi tupu!"

"Tuikate sisi, kabla ufunguo haujakaguliwa," Kasiva akasema, na vidole vyake vilikuwa tayari vinaandika. Mstari mmoja. Wakaujaribu mara kumi, wakahamisha tena, wakampigia Munyiva.

"Imejibu," akasema. "Na imejibu upesi kuliko zamani."

Wiki mbili baadaye, siku tatu kabla jukwaa la zamani halijafungwa, swali la kweli lilitoka Kivaa: mama aliyejifungua, damu ya kundi O hasi. Jibu lilirudi kabla ya sekunde moja kwisha. Jioni Munyiva alipiga simu kusema mama yuko hai na mtoto wa kike ananyonya, kisha akakata haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Kasiva akamwambia Mutunga. Mutunga akasimama, akampa mkono, akauliza kama anaweza kusimamia mifumo yote ya kampuni kuanzia Agosti.

"Naweza," Kasiva akasema. "Lakini Ayub awe naibu wangu."